Jibu kwa mleta uzi wa siku 21: hiyo hela usiitume kwanza

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumatatu unaanza: kuamka saa 10 alfajiri, kilomita 6 kila siku, sukari basi, ugali wa usiku basi, na umeshaongea na "kocha" akuingize kwenye kundi la siku 21 kwa laki moja na themanini. Halafu unatuuliza viatu vya kukimbilia kwenye lami, ule nini kabla hujatoka, na namna ya kumvuta shemeji yetu muanze wote. Nimesoma mara mbili moyo unaniuma, maana hilo ni tangazo lilelile nililolilipia mimi mwaka 2019, mpaka ile sheria yake ya "ukikosa siku moja unarudi siku ya kwanza".

Sheria hiyo ndiyo iliyonipasua mfupa wa mguu.

Mwaka ule nilikuwa na kilo 97. Kichwa kilikuwa kinauma kila jioni, nikaenda kupima, presha ikasoma 148 kwa 94. Daktari akaniambia nianze kutembea, tuonane baada ya miezi mitatu. Alisema kutembea. Mimi neno hilo nikaliona dogo, la wazee, nikaenda kutafuta kubwa mtandaoni. Nikakutana na kijana mwenye picha za kabla na baada, anaongea kama mhubiri, anaapa kwamba siku 21 kamili zinambadilisha mtu yeyote. Nikatuma hela.

Mimi nakaa Tabata, kazi yangu iko Posta. Saa 10 na nusu alfajiri nilikuwa nishafika Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yananipita, na kabla ya saa 11 na nusu natakiwa niwe nimetuma picha kundini kuthibitisha kilomita zangu. Siku 12 zilikwenda. Usiku wa kuamkia ya 13 masika yakamwaga, mtaro wa mtaani kwetu ukafurika, nikakesha na ndoo natoa maji sebuleni. Asubuhi nikaandika kundini kwamba leo nimeshindwa, nyumba imeingia maji. Jibu likaja: "Maji ni kisingizio. Siku ya kwanza, kaka." Jina langu likawekwa kwenye orodha ya waliorudishwa, kundi zima linasoma.

Naomba uelewe vizuri hapo, kwa sababu hasara yangu yote ilizaliwa hapo. Zile siku 12 zilikuwa za kweli. Nilishaacha kuhema kwenye ngazi za ofisini. Usingizi ulisharudi. Mwilini hazikufutika hata moja. Zilifutwa kichwani mwangu tu, na aliyezifuta ni mtu niliyemlipa anisaidie. Nikaanza upya kwa hasira, na mwenye hasira hausikilizi mguu.

Siku ya 9 ya mzunguko wa pili, ugoko wa kushoto ukaanza kuuma mahali pamoja, padogo kama sarafu, ukipabonyeza unaruka. Ningepumzika wiki moja tu pengine yangeisha. Lakini kwangu mimi kupumzika siku moja kulikuwa ni kurudi sifuri mbele ya watu. Kwa hiyo usiku nameza dawa ya maumivu, alfajiri nakimbia. Nilimwandikia kocha pembeni, nikamweleza mpaka mahali panapouma. Akanijibu: mguu unazoea huo, usiusikilize. Mtu huyo hajasomea mfupa wala msuli, anajibu tu! Siku ya 17 nilishuka kwenye daladala nikashindwa kukanyaga, konda ndiye aliyenishika mkono.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya wiki mbili baadaye ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi. Daktari wa mifupa akanieleza jambo ambalo natamani ningelijua kabla: pumzi na moyo huzoea mazoezi haraka, mfupa huchelewa. Unapokimbia mfupa unachakaa kidogo kidogo na mwili unaujenga tena, na kujenga huko kunataka siku za kupumzika. Ukiubebesha kilo 97 kila alfajiri kwenye lami bila siku ya mapumziko, uchakavu unaupita ujenzi. Akanipiga marufuku kukimbia wiki 8.

Wiki 8 zikaisha, sikurudi. Wala wiki ya 20. Nilikaa zaidi ya miaka miwili, viatu viko uvunguni. Kila nikiwaza kuanza, kinachonijia ni kilomita 6 za saa 10 na nusu, na mwili mzima unagoma. Mke wangu alidhani ni uvivu, na mimi nikakubali kwamba ni uvivu. Kumbe nilikuwa nimejiwekea kizingiti kirefu, halafu kila siku nangoja siku nitakayoamka na nguvu za kukiruka. Presha ikafika 162 kwa 101, nikaanzishiwa vidonge. Bado navimeza. Laki moja na themanini ni ndogo kabisa katika hesabu hii.

Na hiyo namba 21 wanayoihubiri, nimekuja kujua ilikotoka. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya kwenye kioo. Kuzoea pua mpya! Hapo kuna mbio gani? Watafiti wa University College London, Phillippa Lally na wenzake, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia moja aliyoichagua, ya kula, kunywa au mazoezi. Kwa kawaida ilichukua siku 66 tabia kukaa yenyewe, wa haraka 18, wa mwisho walikadiriwa 254. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Ufa mfupani na miaka miwili, kwa ajili ya siku moja isiyo na madhara.

Sasa shika hili moja, mengine ukiyasahau sawa: kipimo chako kikate kwa siku yako mbaya, usikikate kwa Jumapili jioni umeshiba na una hamasa. Chagua kitu ambacho hata siku ya mafuriko, siku umegombana na bosi, siku mtoto ana homa, bado unakifanya.

Changu kilikuwa kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kituo changu. Dakika 10 kwa miguu. Nilianza 2022, na nguo za kazini hizohizo. Kuna usiku wa kufunga hesabu za mwaka nilishuka saa 4, manyunyu, nimechoka hata kuongea siwezi, lakini nilishuka palepale, kwa sababu lazima nirudi nyumbani na njia ndiyo hiyo. Hakuna kujishawishi. Uzito wote wa mazoezi uko kwenye kuanza, na mimi nilikuwa nimeshaanza kabla akili haijapata nafasi ya kubishana. Nikikosa leo, kesho nashuka palepale, hakuna orodha wala wa kunirudisha mwanzo.

Miezi mitatu ya kwanza sikuongeza hata dakika moja, na hapo ndipo utakapopata shida, nakuonya mapema. Utajisikia una nguvu, utataka kuongeza. Ongeza siku nzuri, lakini deni lako libaki dakika 10. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwongozo wao wa 2020 unasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko kukaa. Mimi zile 150 nilizifikia mwaka wa pili. Leo nina kilo 84, na daktari amepunguza dozi.

Viatu ulivyonavyo vinatosha kwa dakika 10. Hela usiitume leo usiku. Niandikie hapa hapa kwanza: wiki iliyopita siku iliyokuwa mbaya kuliko zote ni ipi, ulifika nyumbani saa ngapi, na ulipita njia gani? Tuanzie hapo.