Msanii ukipewa ofisi, usiifunge studio

Wiki hii dada mmoja mchoraji kaniandikia. Ameitwa kuanza kazi ya mhadhiri msaidizi wa sanaa, anauliza: "Kaka, nikiingia chuoni nitaendelea kuchora kweli?" Najua mko wengi wenye swali hilo, maana nani kati yetu hatamani kuitwa profesa huku picha zake zinanunuliwa?

Mimi niliingia ualimu kwa sababu ya kodi ya nyumba. Miaka ya mwanzo haina la kusimulia. Mambo yalianza nilipoteuliwa mkuu wa idara. Niliomba brashi na turubai za wanafunzi, ombi likapelekwa fungu la vifaa vya usafi, pamoja na mafagio na madekio. Nikalifuatilia ofisi kwa ofisi. Brashi zikaja, zile zenyewe za rangi ya mafuta, ingawa zilifika wiki ya mitihani.

Lililoniuma, na bado linaniuma, ni kupandishwa cheo. Nilipeleka jalada limeshiba: maonyesho, katalogi, picha zilizonunuliwa. Mjumbe mmoja wa kamati akalifungua, akalifunga, akauliza, "Sasa makala ziko wapi?" Mwenzangu tuliyeajiriwa pamoja, ambaye sijawahi kumwona na penseli ya kuchorea, alipanda kabla yangu kwa kuandika kuhusu picha za watu. Zangu zikiwemo!

Sikususa. Taratibu zilipopitiwa upya nilikaa kwenye kila kikao, nikidai kazi ya ubunifu ihesabiwe kama utafiti, na iamuliwe na watu wanaojua kutazama picha. Ikapita. Vijana walionifuata leo wanapanda kwa maonyesho yao. Wengine hata hawajui nani alipigania jambo hilo. Haya.

Msidanganywe kwamba uongozi unaua usanii. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma Makerere kwa mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi kufundisha Makerere. Baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika London, kisha akashughulikia utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyeo vyote hivyo, na bado aliendelea kuchora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya pombe, ya mwaka 1956, iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York. Elimo Njau, Mchaga mwenzake na mwanafunzi wa Makerere pia, yeye alijenga mahali pake: kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Njia mbili tofauti, ila hakuna aliyesubiri kamati impe ruhusa ya kuwa msanii.

Kwa hiyo chora. Chora kabla ya kufungua barua pepe, maana ukishazifungua siku imekwisha. Kila kazi ipige picha, andika vipimo na mahali ilipoonyeshwa. Na chora tena, hata wiki ya vikao. Vijana wa siku hizi mnataka kiti kabla ya kazi. Mwanafunzi akiona mwalimu wake hachori, atamsikiliza kwa lipi?

Na wewe dada, kabla hujasaini mkataba omba mwongozo wa kupandisha vyeo. Tafuta kipengele cha maonyesho. Kama hakimo, uliza kwa barua, na jibu lake ubaki na nakala.