Swali la msomaji: ni ufunguzi gani ulio salama kwa anayeanza Age of Empires II?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na muhula huu nimeanza kucheza mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II: Definitive Edition dhidi ya watu mtandaoni, hasa kwenye ramani ya Arabia. Ninapofikisha wanakijiji 20 na kubonyeza kitufe cha kuingia Zama za Ukabaila (Feudal Age), yaani hatua ya pili ya mchezo, saa ya mchezo huwa imefika karibu dakika 11. Muda mfupi baadaye mpinzani huingia na wapanda farasi au wapiga mishale, akaniulia wakata miti wote. Rafiki yangu ananishauri nizungushie mji mzima ukuta tangu mwanzo. Je, huo ndio ufunguzi salama, au upo mwingine anaoweza kujifunza mtu ambaye mkono wake bado ni mzito?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vizuri kutaja dakika na idadi ya watu, kwa sababu takwimu hizo mbili zinatosha kuonyesha tatizo lako lilipo, nalo halipo kwenye ukuta. Kwa kawaida mchezaji huanza na wanakijiji 3, na kituo cha mji huchukua sekunde 25 kumtoa mmoja. Kufikisha 20 unahitaji wengine 17, yaani sekunde 425. Ukiongeza sekunde 25 za ufumaji, ule uboreshaji wa dhahabu 50 unaowaongezea wanakijiji uhai, unapata sekunde 450, ambazo ni dakika 7 na nusu. Wewe unafika hapo dakika ya 11. Maana yake ni kwamba kituo chako kimekaa bure kwa jumla ya dakika 3 na nusu, muda ambao kingeweza kukupatia wanakijiji 8 zaidi. Mpinzani anayekuvamia dakika ya 12 ameshakuzidi uchumi kabla hajakurushia mshale hata mmoja, na ukuta ungekuongezea hasara, kwa kuwa kila mwanakijiji anayejenga ukuta ni mwanakijiji asiyekusanya kitu.

Ninapozungumzia ufunguzi salama, basi, nakusudia ule ambao kituo cha mji hakisimami, mahitaji yake ni machache, na jeshi lake la kwanza linaweza kukimbia likizidiwa. Kwa mtu wa kiwango chako nafundisha ufunguzi wa skauti wa farasi, askari mwepesi wa kupeleleza, kwa idadi ya watu 22, yaani wanakijiji 21 pamoja na yule skauti unayepewa mwanzoni. Skauti mmoja hugharimu chakula 80 tu, bila dhahabu. Kwa takriban dakika 10 za kwanza utashughulika na vitu viwili pekee, chakula na mbao, na mkono mzito huumia kidogo pale maamuzi yanapokuwa machache. Kati ya mataifa ya mchezo, chagua Wafranki. Wao hupata maboresho ya mashamba bure pindi wanapokuwa na kinu, huchuma matunda haraka kuliko wengine, na wapanda farasi wao huongezewa uhai kwa asilimia 20 kuanzia Zama za Ukabaila.

Tuanze na sekunde za kwanza kabisa, ambako wengi hupoteza muda bila kujua. Una chakula 200 na mwanakijiji mmoja ni chakula 50, kwa hiyo agiza wanne papo hapo. Kwa mpangilio wa kawaida wa kibodi, herufi H huchagua kituo cha mji na Q huagiza mwanakijiji. Wakati huohuo angalia idadi ya watu juu ya skrini: tayari uko 4, na kituo kinabeba 5 tu. Usipojenga nyumba mara moja, kituo kitasimama baada ya mtu mmoja. Wanakijiji wawili wajenge nyumba mbili, kila moja kwa mbao 25, na wa tatu aende kwa kondoo. Nyumba hizo mbili zitakufikisha watu 15, na ukizalisha bila kusimama utaligonga dari hilo kwenye dakika ya 4 na sekunde 35. Nyumba ya tatu lazima iwe imekwisha kabla ya hapo. Nimekutajia wakati huo kwa makusudi, maana ndipo ninapoona vituo vingi vya wanaoanza vikisimama kwa mara ya kwanza.

Wanakijiji 6 wa mwanzo wote wale kondoo chini ya kituo. Mchinje mmoja, mmalize, ndipo umguse mwingine, kwa sababu mnyama akishakufa nyama yake huanza kuoza na chakula unakipoteza bila kukiona. Kuanzia wa 7 hadi wa 10 waende kwenye miti, na wa kwanza wao ajenge kambi ya mbao kwa mbao 100, akiibandika kwenye ukingo wa msitu kabisa, kwani hatua tatu za ziada kwa kila mzigo huwa nyingi sana zikijumlishwa kwa dakika 10.

Wa 11 ndiye anayemwendea nguruwe mwitu, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa naona wengi wakimkwepa mnyama huyu kwa woga. Nguruwe mmoja ana chakula 340, zaidi ya kondoo watatu, nao wako wawili karibu na mji wako. Mpe mwanakijiji amri ya kumshambulia; nguruwe akigeuka na kuanza kumfukuza, mrudishe mwanakijiji moja kwa moja hadi kituoni bila kusimama njiani. Nguruwe akifika chini ya kituo, wote waliokuwa kwenye kondoo wamshambulie kwa pamoja. Ukiona aliyemvuta amebakiza uhai kidogo, mwingize ndani ya kituo na uwaache wenzake wamalize kazi. Kamwe usimuue nguruwe huko aliko, maana nyama utaifuata porini safari kwa safari. Ukiona kazi hii bado inakutetemesha, agiza ufumaji kabla ya kumwendea: mwanakijiji atatoka uhai 25 hadi 40, na sekunde zile 25 ungezitumia kwa ufumaji hata hivyo.

Wa 12 ajenge nyumba, kisha kinu pembeni ya vichaka vya matunda, na wa 13 hadi wa 15 wamfuate huko, wawe wanne. Wa 16 na wa 17 waje kwenye nyama, na mmoja wao amvute nguruwe wa pili pale yule wa kwanza anapokaribia kuisha. Wa 18 hadi wa 21 waende miti. Hapo una watu 9 kwenye nyama, 4 kwenye matunda na 8 kwenye mbao. Chakula kikifika 500 bonyeza kupanda, yaani kuingia Zama za Ukabaila. Kwa uzalishaji usiosimama kabisa hiyo ni dakika ya 7 na sekunde 55, na kwa kuwa kupanda huchukua sekunde 130, utaingia Zama za Ukabaila dakika ya 10 na sekunde 5. Ukibonyeza dakika ya 9 usijilaumu. Hiyo bado ni dakika 2 kabla ya hapo ulipo leo.

Wakati mji unapanda, hamisha watu wanne kutoka kwenye nyama waende kwenye mbao, na wengine wawili wajenge kambi ya askari kwa mbao 175, kwa sababu banda la farasi halijengeki bila hiyo. Ukishaingia tu, jenga banda hilo, nalo kwa mbao 175, fanya uboreshaji wa shoka kwa wakata miti, kisha anza kutoa skauti huku ukipanda mashamba, moja baada ya jingine, kila moja kwa mbao 60. Kituo cha mji kiendelee kutoa wanakijiji. Skauti 3 pamoja na yule wa mwanzo wanatosha kumsumbua mpinzani: kazi yao ni kuwatoa kazini wachuma matunda na wakata miti wake, na wakikutana na askari wa mikuki wakimbie, wala wasipigane hata kidogo.

Sasa kuhusu hofu yako ya kuvamiwa. Skauti wako wa kwanza akishakutafutia kondoo na nguruwe, mpeleke kwa mpinzani kabla mji wako haujaanza kupanda, umwangalie mambo mawili tu. Je, kuna watu wake wanaochimba dhahabu? Kama wapo, tarajia wapiga mishale au askari wa upanga. Kama hakuna, na watu wengi wako kwenye chakula, tarajia skauti kama wako. Dhidi ya skauti toa askari wa mikuki wawili au watatu, kila mmoja kwa chakula 35 na mbao 25, uwasimamishe pale wanapokata miti. Dhidi ya wapiga mishale jenga uwanja wa mishale na utoe warusha mikuki midogo wa chakula 25 na mbao 35, ambao hawahitaji dhahabu na wamewekwa kwenye mchezo mahususi kwa kazi hiyo. Wakija skauti wawili usipige kengele ya mji, kwani itawaingiza ndani wote, hata waliokuwa mbali na hatari, na mji mzima utasimama kwa ajili ya maadui wawili. Waingize wale tu wanaoshambuliwa.

Ukuta una nafasi yake, lakini ni baada ya kuingia Zama za Ukabaila, tena si wa kuzunguka mji mzima. Miti ni kizuizi, na nyumba unazolazimika kuzijenga ni kizuizi pia. Ziweke kwenye mapengo yanayoelekea kwa mpinzani, kisha uzibe nafasi zinazobaki kwa miti ya boma.

Namna ya kufanya mazoezi: cheza dhidi ya mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, wa kiwango cha chini, na uishie pale unapoingia Zama za Ukabaila. Funga, anza upya. Mchezo wenyewe una mafunzo yanayoitwa Art of War, na lile la uchumi wa mwanzo linakupima kwa medali. Lifanye mpaka mikono iwe inatangulia mawazo. Ndipo urudi kwa watu. Mfumo wa mechi za ushindani unakuanzishia pointi 1000, kwa hiyo utapoteza mechi kadhaa kabla haujakushusha hadi kwa wenzako wa kiwango chako, na huko ndiko ufunguzi huu utakapoanza kukupa ushindi. Baada ya kila mechi fungua rekodi yake, uangalie dakika 10 za kwanza tu, na uandike kila mara kituo cha mji kinaposimama pamoja na sababu: nyumba zilijaa, chakula kiliisha, au ulikuwa ukimtazama skauti. Sababu ya tatu ndiyo utakayoiandika mara nyingi zaidi, na dawa yake ni kubonyeza H kila baada ya sekunde chache, hata katikati ya mapigano.

Ufunguzi huu usiupeleke kwenye ramani ya Arena, ambako kila mmoja huanza akiwa ndani ya kuta za mawe na skauti hawana pa kupenya, wala kwenye ramani za visiwa.