Mwanao akitaka kwenda maandamano, kaa naye kwanza msome

Juzi mama mmoja wa Changamwe kaniandikia inbox, hatujuani, akaniuliza, "Dada, kijana wangu ni siasa tu kutwa kucha kwa simu, nikimwambia nyamaza ananijibu eti sisi wazazi ndo tuliowaharibia nchi. Nifanyeje na huyu mtoto?" Nimeshinda na hiyo meseji kichwani manake hayo maneno nimeambiwa na mie humu humu ndani kwangu, na huyo aliyenambia, leo ndo mtoto ninayejivunia kuliko kitu chochote, wiki iliyopita kamchukua mdogo wake aliyetimiza miaka 18 wakaenda kujiandikisha kura wote wawili. Kwa hivyo jibu nalitoa hapa kila mzazi alisome.

Kwa wale wageni, mie ni mama wa watoto watatu, niko Mishomoroni, Mombasa, asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Baba watoto ni dereva wa malori ya masafa, leo yuko Mariakani kesho yuko Malaba, kwa hivyo mwenye kukaa na watoto na maneno yao ni mimi.

Sasa rudini na mimi mwezi wa tano 2024. Kijana wangu alikuwa mwaka wa pili chuo, na usiku mie nikikanda unga wa mahamri yeye anakuja jikoni anajikalisha juu ya mbuzi ya nazi, simu mkononi, ananisomea Mswada wa Fedha, ule wa serikali wa kodi za mwaka. Sikumwita wala sikumfukuza. Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza nusu nusu, nina iliki ya kutwanga na tui la kuchuja, mpaka aliposema, "Mama, mafuta ya kupikia wataka kuyatia ushuru asilimia 25." Hapo nikatoa mikono kwenye unga. Mie mafuta ndo biashara yangu, bila mafuta mahamri yangu ni donge. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, akafungua kikokotozi, tukapiga hesabu ya dumu la lita 20, nalinunua ngapi saa hii na litakuwa ngapi, na hamri moja niuze ngapi ili nisile hasara, na mteja wangu wa kila siku ambaye ni mtu wa mjengo atanunua tatu kama kawaida au atanunua moja.

Tukaendelea. Mkate VAT, ile kodi ya bidhaa, asilimia 16, yaani ule wa shilingi 65 ungepanda kama shilingi 10 hivi. Ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 15 hadi 20. Gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue shilingi 5,000, na kaka yangu ana Probox ya kubebea abiria. Nepi na pedi nazo zikaguswa na ushuru wa mazingira, na hapo binti yangu aliyekuwa anajifanya analala akainuka kitandani akaja jikoni. Bas ikawa kila usiku jikoni kwangu ni bunge, wengine wanakuna nazi wengine wanasoma.

Na mie sikukaa kimya nikafundishwa tu. Niliwaambia ya 2023, VAT ya petroli ilivyotoka asilimia 8 ikaenda 16, na nauli ya matatu kutoka hapa hadi Kongowea ilivyofanya, na makato ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 yalivyoanza kula mshahara wa mama yao mdogo ambaye ni mwalimu. Mtoto ana simu na ana Kizungu cha sheria, mzazi ana kumbukumbu ya bei. Hapo ndo nataka mama wa Changamwe asikilize vizuri. Huyo mtoto akisema mumemharibia nchi usimjibu kwa "mimi ni mamako", mwambie leta hiyo habari tuisome. Ukishasoma naye hana tena sababu ya kukuona adui, manake mtakuwa mnakasirikia kitu kimoja.

Halafu ikaja tarehe 18 Juni, vijana wakaanza kuingia barabarani Nairobi, mkate ukaondolewa kwenye mswada siku hiyo hiyo. Kijana wangu alinitazama kama kusema, waona? Lakini tarehe 20 Rex Masai akapigwa risasi Nairobi, kijana wa miaka 29. Usiku ule sikukanda unga. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa mpaka tumbo likaniuma, manake wa kwangu alikuwa ameshanambia Jumanne ya tarehe 25 atashuka mjini na wenzake. Baba yake akapiga simu kutoka njiani, "Mfungie mlango huyo mtoto." Nikamuuliza mlango wa kumfungia mtu wa miaka 20 wauzwa duka gani. Akanyamaza, akasema, "Bas ongea naye wewe."

Nikaongea naye. Sikulia wala sikumtishia radhi, na nawaomba akina mama radhi yenu msiichezee, mkiitumia kwa kila kitu siku ya siku haitakuwa na uzito. Nilimwambia nionyeshe hiyo haki yako imeandikwa wapi. Akanifungulia Katiba, kifungu cha 37, kwamba kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Nikamwambia sawa, basi hapo ndo mpaka wetu, kwa amani na bila silaha, na jiwe ni silaha. Kukirushwa jiwe upande wenu, wewe rudi nyumbani, sitaki kujua nani kaanza. Uende na mtu unayemjua na mrudi pamoja. Kitambulisho ubebe. Namba yangu na ya mjomba wako ziandike kwa kalamu mkononi, usitegemee simu, simu yaweza kuanguka. Chama cha Wanasheria kilikuwa kimetangaza mawakili wa kuwasimamia waliokamatwa bila malipo, namba hiyo pia ikaandikwa. Nikamsomesha na kifungu cha 49, ukikamatwa una haki ya kunyamaza, una haki ya wakili, na wakupeleke kortini kabla ya saa 24. Magharibi uwe nyumbani.

Hayo masharti yako wapi kwa wazazi wengi? Hayako, manake mzazi kazi yake ni "usiende" na mtoto kazi yake ni kudanganya anaenda kwa rafiki kudurusu. Mtoto akikudanganya hujui yuko wapi, na akipatwa na jambo utaambiwa na jirani.

Tarehe 25 mnaijua wote. Bunge likapitisha mswada kura 195 kwa 106, vijana wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi, intaneti ikawa inakwamakwama. Nilikuwa nimekaa barazani na redio. Alirudi kabla ya magharibi, macho mekundu kwa gesi ya machozi, viatu vimejaa vumbi, akaoga, akala wali na samaki akalala. Kesho yake rais akatoka kwenye televisheni akasema hatatia sahihi. Tulipiga vigelegele mtaa mzima, lakini baadaye hesabu ya waliokufa katika maandamano ya miezi ile ikapita watu 50, na mie kila nikiona mama wa mmoja wao kwenye habari nazima sauti, siwezi.

Tarehe 2 Julai vurugu zikaingia Nyali, magari yakachomwa. Huyu wangu alikuwa upande huo. Alipoona moshi na watu wamebeba vyuma akamvuta mwenzake wakapanda tuktuk wakarudi. Nilimuuliza mbona umerudi mapema, akanambia, "Si tuliagana?" Mie nikamwambia vizuri, nikageuka nikaenda chumbani kusujudu.

Sasa mnisikilize kuhusu hili manake bado linanichoma. Tulikuwa na hitima ya mzee wa ukoo, watu wamejaa, shemeji yangu mmoja mtu mzima akasema mbele ya wote kwamba watoto wa fulani wamekuwa wahuni sababu mama yao ndo anawasomesha siasa jikoni badala ya kuwasomesha adabu. Wanawake wenzangu wakainamisha vichwa kwenye sahani. Mie nikakusanya watoto wangu nikaondoka kwa salama. Hajaomba radhi mpaka leo, na yeye wa kwake alifungiwa ndani siku ya maandamano, akaruka ukuta, akapotea usiku mzima, baba hajui pa kuanza kumtafuta, na aliyempata kwa kupiga simu kwa marafiki ni huyo huyo mhuni wangu. Sisemi ili nifurahi. Nasema adabu ya mtoto haipimwi kwa kunyamaza kwake.

Na msidhani hatari ni ya barabarani tu. Desemba 2024 vijana walichukuliwa na watu wasiojulikana kwa sababu ya picha walizochora na kusambaza mtandaoni, wakaachiliwa Januari. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwa hivyo masharti ya jikoni yaliongezeka. Andika unachojua, hoji sheria, hoji matumizi, hoji ahadi, lakini matusi ya mzazi wa mtu na picha za kumtia kiongozi kwenye jeneza hazisaidii hoja yako. Na kabla hujaposti kitu kikubwa nisomee kwanza. Anakasirika, lakini ananisomea, na mara nyingine mie ndo namwambia hapo kaza, hiyo hoja umeilegeza.

Akina mama, watoto wetu hawana tatizo la kupenda siasa. Bei ya unga ni siasa, mkopo wa chuo ni siasa, dawa kukosekana kwa zahanati ni siasa. Tukiwaacha waisome wenyewe wataisoma kwa hasira za watu wengine. Someni nao. Narudia, someni nao. Hujui Kizungu, mwambie akutafsirie, 2024 vijana waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani wakauweka mtandaoni bure, wako hawezi kushindwa kukutafsiria wewe mamake. Taarifa ya habari ya saa moja msiitazame kila mtu na kona yake.

Na msimalizie kwenye hasira. Wangu nilimwambia kelele umepiga, sasa kura. Tume ya uchaguzi imerudisha uandikishaji tangu tarehe 29 Septemba 2025, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na yule binti wa pedi ndo wa kwanza kuuliza foleni iko wapi. Ni ofisi ya tume katika eneo bunge lenu, mtoto abebe kitambulisho chenyewe au pasipoti, hakuna malipo. Mama wa Changamwe, mpeleke wako, na kama na wewe ulihama mtaa hujahamisha kura yako, hamisha siku hiyo hiyo mkiwa wawili.