Maswali ya Wasomaji: "Itapitisha" na "itafikiria kupitisha" katika mikataba ya rushwa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Morogoro. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa ulijadiliwa kwa karibu miaka 2. Kama kila nchi inajua kwamba kumhonga mtumishi wa umma ni kosa, ni kitu gani kilichokuwa kinajadiliwa muda wote huo? Na ikiwa mikataba ipo, mbona katika suala la rada ambayo Tanzania iliuziwa na kampuni ya Uingereza tuliishia kupewa "chenji" bila hukumu ya rushwa?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mjumbe aliyekwenda Vienna kuitetea rushwa hadharani. Kamati maalumu ilianza kazi Januari 2002, ikakaa vikao 7 hadi Oktoba 2003, na tarehe 31 ya mwezi huo Baraza Kuu likaupitisha mkataba. Katika vikao hivyo ubishi haukuwa juu ya ubaya wa rushwa. Wajumbe walibishana juu ya kosa linamhusu nani, nani ana haki ya kulishtaki, na nchi inayotia saini inajifunga kwa kiasi gani.

Fungua ibara ya 15 na ya 16 uzisome pamoja. Ya 15 inamhusu mtumishi wa umma wa nchi yako mwenyewe, na kitenzi chake hakina mlango wa nyuma: kila nchi itapitisha sheria ya kumwadhibu anayetoa, anayeahidi au anayependekeza manufaa yasiyostahiki, na vilevile anayeyaomba au kuyapokea. Ibara ya 16 inamhusu mtumishi wa nchi ya kigeni, na hapo mtoaji na mpokeaji wanatenganishwa. Kwa mtoaji nchi "itapitisha" sheria. Kwa mpokeaji nchi "itafikiria kupitisha". Tofauti hiyo imebeba hofu ya serikali nyingi, kwa sababu kukubali lazima katika sehemu ya pili ni kukubali kwamba waziri wako anaweza kupandishwa kizimbani katika mahakama ya nchi nyingine, jambo linalogusa mamlaka ya dola na kinga za viongozi wake. Waliotetea lugha laini walikuwa na hoja ya haki pia: mpokeaji huyo tayari anabanwa na ibara ya 15 nyumbani kwake. Hoja hiyo ni nzuri, ila inadhani kwamba nyumbani kwake kuna mwendesha mashtaka aliye tayari kumgusa.

Namna maneno hayo yanavyopatikana ni kazi ya kuchosha. Neno lisilokubaliwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na rasimu ya kwanza huwa na mabano mengi hata mtu hajui sentensi inaanzia wapi. Kwa kuwa lengo ni kukubaliana bila kupiga kura, ujumbe mmoja ukishikilia pingamizi lake, mabano hubaki mahali pake. Ndipo mazungumzo yanapohamia kwenye korido, na ujumbe uliokataa neno fulani katika sura moja hulegeza kamba ukipata unachokitaka katika sura nyingine. Nchi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo, zilikuwa na jambo lao kubwa, nalo ni kurejeshwa kwa mali zilizoporwa na kufichwa ng'ambo. Ibara ya 51 ikaishia kuliita suala hilo kanuni ya msingi ya mkataba. Katika mizani ya mazungumzo hilo si jambo dogo.

Mfano mwingine ni ibara ya 20, inayomhusu mtumishi ambaye mali yake imeongezeka kupita kipato chake halali na hawezi kueleza ilikotoka. Kwetu jambo hili halikuonekana geni, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 inalihesabu kuwa kosa la jinai. Wengine waliona kwamba kumtaka mshtakiwa aeleze ni kumgeuzia mzigo wa kuthibitisha. Kanada, iliporidhia mkataba mwaka 2007, ilitamka kwamba kosa la namna hiyo linapingana na katiba yake. Matokeo yake ibara hiyo ina kinga mbili, moja juu ya nyingine: nchi "itafikiria", tena kwa kuzingatia katiba yake. Hata hivyo, nisieleweke kwamba "itafikiria" ni neno tupu, kwani nchi inatakiwa ilipime jambo kwa dhati, na siku ya kukaguliwa na wenzake iweze kueleza ilifikia uamuzi gani na kwa nini.

Sasa tuje kwenye rada. Mkataba uliohusika zaidi hapo ni ule uliotiwa saini Paris tarehe 17 Desemba 1997 chini ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ukaanza kutumika Februari 1999. Marekani ilikuwa imewakataza wafanyabiashara wake kuhonga maofisa wa kigeni tangu mwaka 1977, na kwa miaka 20 ikalalamika kwamba washindani wao wako huru. Na kweli, Ujerumani na Ufaransa wakati huo hongo iliyotolewa ng'ambo iliweza kukatwa kwenye hesabu za kodi kama gharama ya biashara. Kwa hiyo mkataba wa Paris ulitungwa na wauzaji, ukiwalenga wauzaji. Unamkamata anayetoa tu, na mpokeaji unamwachia nchi yake.

Mkataba kama huo unaifunga dola. Mtu au kampuni haishtakiwi mpaka bunge la nchi husika liwe limetunga sheria ya kosa lenyewe. Uingereza iliridhia mwaka 1998 ikidai sheria zake za zamani zinatosha. Sheria iliyotamka waziwazi kwamba kumhonga ofisa wa kigeni ni kosa ilipitishwa mwaka 2001, na ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Mauzo ya rada kwa Tanzania, ya pauni milioni 28, yalisainiwa mwaka 1999. Desemba 2010 kampuni ya BAE Systems ilihukumiwa mjini London baada ya kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za malipo aliyopewa mshauri wake wa masoko hapa nchini. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano na waendesha mashtaka ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania, fedha zilizonunua vitabu na madawati. Hiyo ndiyo chenji ya rada. Rushwa yenyewe kampuni haikuikiri, na mahakama haikupelekewa shtaka hilo. Mwanafunzi wa sheria azipange tarehe hizi kwenye mstari mmoja: 1998, 1999, 2001, 2010. Ataona pengo lilikuwa wapi.

SWALI: Mimi ni wakala wa forodha Mombasa. Nikitoa kitu kidogo ili karatasi ambazo tayari ni halali zisogee haraka, mikataba hii inanihesabu mkosaji?

JIBU: Bwana wakala, "kitu kidogo" chako kiliwahi kujadiliwa na mabalozi. Maelezo rasmi yanayoambatana na mkataba wa Paris yanasema malipo madogo ya kumsukuma ofisa atimize wajibu wake wa kawaida hayahesabiwi kuwa ya kupata au kubakiza biashara, kwa hiyo hayamo katika kosa la mkataba huo. Sheria ya Marekani nayo ina msamaha wa aina hiyo. Lakini mwaka 2009 OECD yenyewe ilizitaka nchi wanachama ziutazame upya msimamo huo, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 haikuacha upenyo huo.

Hata hivyo, msamaha wowote wa Paris unahusu ofisa wa nchi ya kigeni. Ofisa aliye mbele yako ni Mkenya na wewe uko Kenya, kwa hiyo kinachokuhusu ni ibara ya 15 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuuridhia, siku ileile ya kuutia saini huko Merida, Mexico, tarehe 9 Desemba 2003. Ibara hiyo haitaji kiwango cha chini cha hongo, wala haimsamehe mtoaji kwa kuwa karatasi zake ni halali; na sheria ya Kenya dhidi ya hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji wote wawili. Kama ofisi ina huduma ya haraka inayolipiwa kihalali, ada yake itakuwa imeandikwa kwenye orodha ya viwango, na utapewa stakabadhi.