Ngumi Ambayo Baba Hakuimaliza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni pambano gani la komiki lililokukaa moyoni, na nani hasa alishinda?" Langu ni la Omni-Man na mwanawe Mark katika Invincible ya Robert Kirkman. Aliyeshinda ni yule aliyebaki chini, meno yamevunjika, hana hata nguvu ya kuinua kichwa. Najua wapo watakaobisha.

Kwa ambaye hajaisoma: komiki hiyo ilianza Januari 2003, ikitolewa na Image. Mchoraji wa mwanzo alikuwa Cory Walker, kisha Ryan Ottley akashika kalamu kuanzia toleo la 8. Mark Grayson ni kijana wa miaka 17 anayeuza baga. Siku moja anatupa mfuko wa takataka, mfuko unapaa angani na haurudi. Hapo anajua kuwa nguvu za baba zimemfikia. Baba mwenyewe, Nolan, ni shujaa mkubwa kuliko wote duniani, ana masharubu mazito, na kazi yake ya kuzugia watu ni kuandika vitabu. Nyumbani amesimulia kwamba anatoka sayari ya Viltrum, kwa watu wema wanaozisaidia sayari dhaifu.

Matoleo ya mwanzo ni raha tupu. Baba anamfundisha mwana kuruka, mama Debbie anapakua chakula na kuwauliza leo wamemwokoa nani. Kisha likaja toleo la 7, Nolan akawaua mashujaa wenzake, Guardians of the Globe, na sisi wasomaji tukaona kwa macho yetu. Mark hakuona. Huo ndio ukatili wa Kirkman ninaouvulia kofia: alituacha tukae na siri ile toleo baada ya toleo, tunamtazama mtoto akila meza moja na muuaji na kumwita baba.

Ukweli ulipotoka, Viltrum ikawa dola inayomeza sayari za wenzake, na Nolan mtu aliyetumwa kuilainisha Dunia. Lakini hakumjia Mark kwa chuki. Alimjia na urithi. Hii yote itakuwa yetu, mimi na wewe, njoo tuitawale. Ni baba anayemwonyesha mwanawe shamba la ukoo, akiamini kabisa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo hana haja ya kumbembeleza sana. Mark akakataa. Akamuuliza habari za mama. Nolan akajibu kwamba anampenda Debbie, ila kwake yeye ni kama mnyama wa kufugwa. Ukishasoma neno hilo, ngumi zinazofuata unaziona nyepesi.

Na zilifuata. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua stelingi hafi, anapigwa kidogo kisha anakumbuka mafunzo na kugeuza kibao. Mark hana cha kukumbuka, maana mwalimu wake ndiye anayempiga. Anarudisha ngumi mbili tatu, nyingine zote anazila.

Viltrum wanaishi maelfu ya miaka. Nolan anasimama juu ya mwanawe na kumpigia hesabu: rafiki zako watakufa, mama yako atakufa, dunia hii yote itapita. Baada ya miaka 500 utabaki na nini? Mark anajibu kwamba atabaki na yeye, baba yake. Mkono uliokwisha kuinuliwa haushuki. Nolan anatokwa na machozi, anapaa, anaiacha Dunia.

Wengi husema hapo upendo umeshinda. Mimi naona aliyeshinda ni mtu aliyekubali hesabu ya mpinzani wake mpaka mstari wa mwisho. Hoja yote ya Nolan ni muda: kisichodumu hakina thamani. Mark hakubishana nayo. Alitoa kila kinachokufa kama alivyoambiwa, akakuta kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kinamponda. Nolan angeishusha ngumi ile, angekuwa amethibitisha kwamba hata kinachodumu hakina thamani, na maisha yake ya maelfu ya miaka yangekuwa hewa. Hakuna mafunzo ya Viltrum yaliyomwandaa kwa jibu hilo.

Waswahili tunamjua Fumo Liyongo, kwetu mambo yalikwenda kinyume: mwana ndiye aliyetumwa na watawala wa Pate, akaichunguza siri ya baba yake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Yule aliitafuta siri. Mark aliulizwa swali, akalijibu, na hakujua kabisa kwamba ameshika sindano.

Mfululizo wa katuni wa runinga wa mwaka 2021 uliongeza tukio la treni, mnalikumbuka: Nolan anamshikilia Mark mbele ya treni inayokuja, na abiria wanakufa. Linatisha kweli, na sauti ya J.K. Simmons, aliyemwigiza Omni-Man, inastahili sifa zake. Lakini kwenye karatasi jibu la Mark linakaa kimya mpaka uamue mwenyewe kufungua ukurasa. Mimi nabaki na karatasi.

Yaliyofuata yalinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Nolan alikuja kuonekana sayari ya Thraxa, kwa watu wenye umbo la wadudu ambao maisha yao yote hayafiki mwaka. Ana mke huko, na mtoto mwingine, Oliver. Aliyedharau maisha mafupi akaenda kuoa kwenye maisha mafupi kuliko yote! Na alipokamatwa na Viltrum wenzake, ujumbe aliompa Mark ulikuwa asome vitabu vyake. Vile vitabu vilivyouzwa kama hadithi za kubuni vilikuwa na siri za vitu vinavyoweza kuwadhuru Viltrum, mojawapo ikiwa bunduki ya shujaa wa angani aitwaye Space Racer. Wazee wa namna hii tunawajua: neno nisamehe haliwatoki mdomoni, wanakupa kazi ya kufanya, na wewe utajua lilimaanisha nini.

Hadithi ilikwenda hadi toleo la 144, Februari 2018, na Mark alipata nafasi ya kutosha kuhasimiana na baba yake na kupatana naye. Debbie je? Aliachwa na chupa ya pombe, akaletewa Oliver, mtoto wa nje, akamlea, na mwishowe akamrudia Nolan, upesi mno kwa ladha yangu. Hapo Kirkman kaniangusha. Kama ingebaki nafasi ya pambano moja zaidi, ningetaka Debbie amkalishe yule bwana kitini na kumrudisha kwenye lile neno la mnyama wa kufugwa. Ottley angelichora bila tone la damu, na bado sidhani kama Omni-Man angetoka mzima.