Fomu yangu inageuza Novemba kuwa Mei

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Masasi. Nimetengeneza fomu ya Excel ya kuandikishia korosho za wakulima. Kisanduku cha tarehe nimekiwekea Format(txtTarehe.Text, "dd/mm/yyyy") na kwenye fomu tarehe inakaa vizuri kabisa. Nikibonyeza Hifadhi, 5/11/2024 inaingia kwenye jedwali kama 11 Mei, lakini 25/11/2024 inabaki ilivyo. Je, ni virusi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Virusi hakuna. Una bahati kwamba Mei hakuna anayeleta korosho, ndiyo maana umeshtuka mapema. Ungekuwa unapokea maziwa, tarehe hizo zingelala humo mwaka mzima bila mtu kuuliza.

Format haikupi tarehe, inakupa maandishi. Ukiyatupa maandishi hayo kwenye seli kwa VBA (lugha ya msimbo iliyomo ndani ya Excel), Excel huyasoma Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows yako umeipanga kwa Tanzania. 5/11 inasomeka mwezi wa tano, siku ya kumi na moja. 25/11 haiwezi kusomeka hivyo kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inasomwa siku kwanza, na wakati mwingine inaachwa kama maandishi tu. Kwa Excel tarehe ni namba ya siku: 5 Novemba 2024 ni 45601, na 11 Mei ni 45423. Ukikosea hapo, kubadili mwonekano wa seli hakukusaidii kitu.

Usiiachie Excel ikisie. Ikate tarehe mwenyewe:

Function SomaTarehe(andiko As String) As Date
  Dim s, t As Date
  s = Split(andiko, "/")
  If UBound(s) <> 2 Then Exit Function
  If Len(s(2)) <> 4 Then Exit Function
  t = DateSerial(Val(s(2)), Val(s(1)), Val(s(0)))
  If Day(t) = Val(s(0)) And Month(t) = Val(s(1)) Then SomaTarehe = t
End Function

Mstari ule wa Day na Month usiufute ukidhani ni mapambo. DateSerial ni mpole kupita kiasi: ukimpa 31 Februari 2024 hakatai, anakurudishia 2 Machi. Mwaka nao nimedai tarakimu nne, maana sitaki kubishana na kompyuta kama 30 ni 1930 au 2030.

Kwenye Hifadhi, andika seli.Value = SomaTarehe(txtTarehe.Text), kisha seli.NumberFormat = "dd/mm/yyyy". Hapo Format haihitajiki kabisa.

Kama unataka kisanduku kijipange chenyewe, weka msimbo kwenye tukio la Exit, yaani mtu anapotoka kwenye kisanduku. Wengi huuweka kwenye Change, na Change hukurupuka kwa kila herufi, hata kabla mtu hajamaliza kuandika mwezi. Ndani ya Exit, SomaTarehe ikirudisha 0 (yaani tarehe si halali), weka Cancel = True ili karani asitoke mpaka arekebishe; vinginevyo txtTarehe.Text = Format(SomaTarehe(txtTarehe.Text), "dd\/mm\/yyyy"). Mikwaju ile ya kinyume (\) inazuia Windows isibadilishe alama ya katikati kuwa kistari. Na kitufe cha Funga kipe TakeFocusOnClick = False, la sivyo mtu atanasa ndani ya fomu.

Sasa mistari ya zamani. Usichague kwa kuangalia miezi isiyo ya msimu: 10/11 imegeuka 11 Oktoba, nayo inaonekana halali kabisa. Kama mistari yote ilipitia fomu, kila tarehe ambayo siku yake ni 12 au chini imegeuzwa. Tengeneza kolamu ya pembeni (hapa nachukulia tarehe ziko kolamu C):

=IF(DAY(C2)<=12, DATE(YEAR(C2), DAY(C2), MONTH(C2)), C2)

Seli yenye maandishi, iwe imekupa #VALUE! au la, iandike upya kwa mkono. Na kama kuna mistari uliyowahi kuchapa moja kwa moja kwenye jedwali, itoe kwanza, maana hiyo ilikuwa sawa na fomula itaiharibu. Unayoitilia shaka, fungua kitabu cha stakabadhi za wakulima ulinganishe kabla malipo hayajatoka.