Mradi unajengeka, lakini ukiwashwa unaanguka

Ndugu, unasema mradi wako wa Maven (chombo cha kujenga programu za Java) unajengeka bila shida, ila ukiuwasha unaanguka na NoSuchMethodError, yaani kosa la kuita mbinu (method) isiyopatikana. Mara nyingi hapo pana matoleo mawili ya maktaba moja yanayogombana. Endesha mvn dependency:tree -Dverbose, amri inayochora mti wa maktaba ambazo mradi unazitegemea, uone ni maktaba ipi inayovuta toleo lipi. Maven haichagui toleo jipya zaidi. Huchukua lililo karibu na mzizi wa mti, hata likiwa kuukuu. Gradle, chombo kingine cha kujenga miradi, ndiyo huchukua la juu zaidi, kwa hiyo usinakili suluhisho la huko. Ukishajua toleo linalohitajika, liandike kwenye dependencyManagement (sehemu ya kupanga matoleo) ya pom.xml kuu, faili la mipangilio ya Maven, tarakimu zote, mfano 2.15.3. Tafadhali sana usiweke neno LATEST (toleo la karibuni kabisa) badala ya tarakimu. Iliwahi kuninyima usingizi usiku kucha. Halafu utazame mti upya.